Paji Jeupe la Komanda

Kalemie, tarehe 9 Machi

Kwako Yaya Evodie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nyunzu, wewe na watoto, na kwamba goti lako limepoa. Sisi huku tunapumua. Rachelle, mke wangu, anakusalimu; anasema samaki wamekuwa adimu na mume wake bado anachezea farasi.

Hajakosea. Mtaa mzima unaniita Papa Farasi. Nanunua farasi wa plastiki kwenye mitumba inayovuka ziwa kutoka Kigoma, wengine wa rangi ya waridi kabisa, aibu tupu. Nawachovya kwenye maji ya moto mpaka miguu ilainike niipinde, nawasugua kwa msasa, kisha nawapaka masalio ya rangi ya mitumbwi. Mikia ni nywele za kusukia za Rachelle. Mtu wa miaka hamsini na miwili! Lakini nikishika brashi, moyo hunyamaza kidogo.

Habari za Papa si nzuri. Daktari alitwambia tumrudishe nyumbani na tumpe anachotaka. Alichotaka ni Komanda, yule farasi aliyekuwa akimpanda kuchunga ng'ombe wa tajiri kule Pepa. Nikamtengeneza kwa wiki tatu. Papa alinirudishia mara nne: kahawia imezidi, shingo imenyooka mno, soksi nyeupe ni ya mguu wa nyuma wa kushoto. Chakula cha asubuhi anakisahau, ya Komanda anayakumbuka yote.

Juma lililopita akamkubali. Akampapasa lile paji jeupe, akalia, akasema Komanda angezeeka vizuri kama si Evodie.

Yaya, jambo hili nimelimeza miaka arobaini na moja. Siku ile mimi ndiye niliyemvua Komanda kamba ya kichwani, nimpake udongo mwekundu kwenye paji, awe kama farasi wa kalenda ya padri. Akanitoroka na udongo pajini, akaangukia korongoni, akavunjika mguu. Tajiri akampiga risasi na Papa akafukuzwa kazi. Wewe ulinikuta nalia, ukaninawisha kwenye beseni bila kuuliza neno. Papa alipofika, mikono yangu ilikuwa safi, yako ilikuwa na udongo. Nawe ukanyamaza. Akakupeleka kwa bibi Nyunzu, akaapa hutakanyaga tena mlango wake. Hata harusini kwako hakuja, nami nilijua kwa nini.

Basi nilipiga magoti nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniwekea mkono kichwani, akasema: "Uko mutoto muzuri, Ephraïm. Unabeba makosa ya dada yako."

Nikarudia. Akageukia ukuta. Kesho yake ulimi ukafunga, na sasa hata jina lake haitikii. Atakwenda kaburini akiamini ni wewe, Yaya, na mimi amenibariki.

Komanda yumo mkononi mwake, hamwachii. Nimetengeneza mwingine, anakuletea Mama Immaculée, yule muuza samaki wakavu. Huyo nimempaka paji jekundu, udongo wenyewe wa Pepa; mweke watoto wako wamwone, waulize, nawe uwaambie.

Sikuombi unisamehe. Wasalimie wote, na ulikande goti hilo kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako uliyemnawisha,
Ephraïm