Farasi wa Ogwedhi Amelala

Mama Zuhura, jirani yangu mpenzi,

Hamjambo hapo Homa Bay? Mimi niko Ogwedhi kwa mwanangu Ouma, anayetunza farasi wa tajiri mmoja. Ulisema kutunza farasi wa tajiri si kazi, basi sikia.

Nilimkuta farasi amefungiwa peke yake ndani ya chumba cha mbao, giza tupu. Kutwa anayumbisha kichwa na kutafuna mlango mpaka ufizi unatoka damu. Watu walisema ana pepo. Tajiri akasema asipoacha kufikia Jumamosi, atampiga risasi.

Ouma wangu, ambaye wilaya nzima hana mwenzake, akaniambia, "Mama, huyu haumwi. Ni upweke." Akakata dirisha, akawa anamtoa malishoni kila asubuhi, akamletea punda wa kukaa naye.

Jana nikamwona farasi amelala chini, miguu imenyooka. Nikapiga nduru ya msiba, majirani wakaja mbio. Ouma akaniziba mdomo. "Nyamaza, mama! Tangu aje hapa hajalala hivi. Utamwamsha."

Leo Jumamosi tajiri amekuja na bunduki, amechungulia dirishani, amemwona farasi ametulia kando ya punda, kisha amerudi nayo nyumbani.

Mungu awatunze nyote. Nipakatie Zuhura mpaka nije.

Mama Ouma