Kichupa cha Peptidi na Lutuku ya Mama

Jumatano. Mvua imenyesha Kolwezi tangu alfajiri, na viatu vyangu bado vimejaa tope jekundu la barabara ya hospitali. Nimekaa kuandika kwa sababu nikilala nitawaza tu.

Jana Mama alitapika damu. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi, yenye chembechembe kama machicha ya kahawa. Nilimpandisha pikipiki ya kukodi, nikakaa nyuma yake na kumshika kiunoni hadi hospitali.

Leo asubuhi daktari amemwingizia kamera kwa mdomo. Ukuta wa tumbo umechubuka, na kulikuwa na kidonda kinachovuja. Amekiziba. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, Mama anakunywa kiasi gani.

Nilitaka kujibu kwamba hanywi. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kumwona amelewa, na Jumapili hakosi kanisani. Lakini tangu tata, baba yangu, afariki, Mama anapika lutuku, pombe kali ya mahindi, na wateja wake ni vijana wanaochimba kando ya mashimo ya mgodi wa Mashamba. Kila anapopika, yeye ndiye wa kwanza kuionja. Asubuhi, kabla ya kula chochote.

Nilipoingia wodini, alitoa kichupa kwenye fundo la kitenge chake. Mchuuzi mmoja sokoni alimwambia ndani mna peptidi, dawa inayopaka tumbo kwa ndani ili pombe isiliunguze. Amekuwa akiinywa kwa siri na kuendelea kuonja bila hofu. Akaniuliza, mimi mwalimu wa biolojia, kama yule mtu alimdanganya.

Ningependa jibu liwe rahisi.

Nilimweleza kwamba peptidi ni vipande vifupi vya protini, na tumbo lenyewe linatengeneza vya kwake. Vinasaidia kuimarisha ute unaofunika ukuta wake, na pakichubuka vinazihimiza seli za jirani zisogee kuziba. Pombe kali inaharibu ule ute na kuvuruga damu kwenye vimishipa vidogo, hadi ukuta unabaki uchi mbele ya asidi. Nikamwambia pia ukweli mwingine: watafiti wamewapa panya peptidi fulani kabla ya pombe, na vidonda vyao vikapungua. Ila hao ni panya, na dawa yao ilijulikana ni nini. Kilichomo ndani ya kichupa chake hakuna anayekijua.

Nikamwomba aache kuonja, tumbo lijijenge.

Hakukasirika. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wasioelewa.

"Mi niko naonja tu," akasema. "Kama mi sionje, nani atajua kama ile pombe haitaua batoto ba bantu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote hii hakuwa anaonja utamu. Alikuwa anajiweka mbele ya wale vijana, ili sumu, kama ipo, impate yeye kwanza.

Ningeweza kunyamaza. Daktari alikuwa amesema asisumbuliwe. Lakini nilijua akitoka hospitali atarudi kuonja, na kidonda kitafunguka tena.

"Mama, ile sumu inayoua bantu mu pombe, ulimi haiwezi kuijua. Inafanana na pombe yenyewe."

"Toka siku zote?"

"Siku zote."

Akageukia ukutani. Nilisikia mgonjwa wa kitanda cha pili akikohoa, na mvua juu ya mabati. Nilishika mguu wake juu ya shuka. Hakuuondoa. Nikadhani amelala.

"Enda nyumbani," akasema bila kugeuka. "Ile yote iko mu pipa, umwage."

Nimemwaga. Mahindi yaliyochachuka yamekwenda na maji ya mvua kwenye mfereji, na uani kote kunanuka. Vijana wawili walikuja na chupa zao tupu. Nikawaambia Mama ni mgonjwa na hapiki tena. Mmoja alisema wao waliiamini lutuku ya Mama kwa sababu alikuwa anakunywa mbele yao. Kisha wakaondoka, wakielekea kwa muuzaji mwingine.

Nimelinda tumbo lake, labda. Lakini nimemnyang'anya kile alichoamini kwamba kinawalinda watu, na sina cha kumpa badala yake.

Asubuhi nitampelekea uji mwepesi. Je, atageuka anitazame?