Gazeti la Shemeji Faki

Chokocho, Jumanne, 1961

Ati mikarafuu yetu itang'olewa chama kile kikishinda! Shemeji Faki ndivyo alivyotusomea leo dukani kwake, na watu wote wakaitikia. Nikamwambia, "Hebu lete nilione hilo gazeti."

"Shemeji, siasa si kazi ya wanawake."

Nikalichukua, nikalisoma lote pale pale. Habari ya mikarafuu haimo, hata neno moja.

Mume wangu kanuna, nimemwaibisha nduguye. Naogopa, sitajidanganya. Lakini kura hii, ya kwanza kwetu wanawake, ni yangu, na macho ninayo.

Gazeti sikulirudisha. Kesho tukisuka ukili wa mikeka nitawasomea wenzangu, kisha nitampa mmoja wao, Bi Mize, naye ajua kusoma, alisome tena. Yule hanipendi; nikiongeza neno lisilomo, hataninyamazia.