Nimekandika Nyumba ya Mikeka, Sasa Nafukuzwa

Mpendwa Bi. Rukiyo,

Asalaam aleikum, na kama una kikombe cha chai mkononi kiweke chini kwanza, maana naomba uniokoe kabla kafyu haijanikuta nje na cherehani kichwani. Mimi naitwa Maka, fundi wa nguo, kwetu ni Bura kule mtoni, na hapa Garissa naishi na Timiro, mwanamke mwenye roho safi na sauti kubwa, ndani ya nyumba ile ya miti iliyopindwa na mikeka juu yake ambayo Wasomali wanaiita aqal, na nyumba hiyo Timiro aliitengeneza na mama yake Saynab alipoolewa na Hirsi, nami kodi yangu ni kuwashonea yeye na mama yake, wala hatujawahi kukosana.

Mwaka jana Timiro na Hirsi wakaachana, Hirsi akabaki porini kule Sangailu na ng'ombe na ngamia wake, mimi nikaendelea kushona nikidhani mambo yamekwisha, kumbe vita hivi vya serikali na waasi wa shifta vitamrudisha, kwa sababu serikali imeamuru watu wa porini wakae karibu na mji, na Hirsi amekuja na ngamia mmoja tu aliyebaki, anasema kiwanja alipewa yeye na chifu kabla hajaoa, jambo ambalo hata Timiro halikatai, na sasa anataka kujenga duka, kwa hiyo tutoke. Kila asubuhi anakuja, ndevu zimepakwa hina, anasimama mlangoni. "Maka, toka. Hii kiwanja iko yangu, wallahi." Naye Timiro anajibu kutoka mekoni, "Usitoke, abaayo, dada yangu! Hii nyumba mama yangu alishona. Huyu hata kamba moja hakufunga!" Halafu anamletea chai ya maziwa, maana hata adui akifika mlangoni ni mgeni, Hirsi anainywa yote, na ugomvi unaanza upya.

Sasa nikueleze balaa nililoleta mimi. Wakati wa kiangazi vumbi lilikuwa linaingia kwenye nguo za watu, na kwetu mtoni nyumba ikipitisha upepo inakandikwa, basi siku Timiro alipokwenda kumuuguza mama yake nikachota udongo hapo hapo uani nikaikandika nyumba yote kwa nje, nikajiona nimetenda wema, aliporudi akashika kichwa, akacheka mpaka akakaa chini, akasema tutaubandua siku nyingine, na hiyo siku nyingine haijafika. Hirsi amelidaka hilo. Anasema nyumba ya mikeka ni ya mwanamke, sawa, lakini hii imeshakuwa ya udongo, udongo ni ardhi, na ardhi ni yake, basi nyumba pia ni yake! Wazee wamekaa kuamua, nusu wanasema mikeka, nusu wanasema udongo, na majani ya chai ya Timiro yanakwisha.

Ametupa mpaka Ijumaa. Timiro akifukuzwa ana mama yake, mwenye ua mpana wa miiba nyuma ya soko ambao zamani ulijaa mbuzi na siku hizi una kuku mmoja, lakini mimi nina cherehani tu, mji umejaa watu, kwenda Bura mpaka upate ruhusa na msafara wa magari ya askari, na ukionekana nje baada ya kafyu hakuna anayesubiri umweleze kwamba wewe ni fundi. Naogopa, Bi. Rukiyo. Nimsikilize nani, mwenye kiwanja au mwenye nyumba?

Maka, Garissa, 1966

*

Mwanangu Maka,

Chai niliiweka chini, nikacheka, kisha nikakuonea huruma, kwa sababu kuisubiri Ijumaa bila kujua utalala wapi si mchezo, na mwaka huu ndiyo kabisa. Lakini lazima nikugombeze kwanza. Nani alikutuma kukandika aqal? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ulikuja, mwenyeji akapakwa matope!

Mimi nilizaliwa ndani ya nyumba kama hiyo huko Wajir, na kabla sijajua kutembea nilikuwa nimeshahama nayo mara nyingi, miti, mikeka, vibuyu na mimi, sote juu ya ngamia. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Anaisuka yeye na mama yake, anaisimamisha, anaivunja, na akiachwa anaondoka nayo, mume ndiye anayebaki amesimama juani. Hirsi anayajua haya yote. Mfa maji haishi kutapatapa, naye ameshika udongo wako. Ukimpaka ngamia tope hageuki kisima, na hao wazee walioshindwa kusema hivyo waambie mimi nimesema.

Lakini na wewe usijidanganye. Kiwanja ni chake, na Timiro mwenyewe amekubali. Unauliza umsikilize nani? Wasikilize wote wawili. Mmoja anadai ardhi, mwingine anadai mikeka, na hivyo ni vitu viwili ambavyo vimeshikana kwa udongo wako tu. Toka kwenye kiwanja, na utoke na nyumba.

Kesho asubuhi lowesha huo udongo uubandue wote kwa mikono yako, Timiro asiguse hata donge. Uache hapo hapo kiwanjani, umsawazishie Hirsi vizuri. Ni mali yake, na duka lake litauhitaji. Kisha nenda kwa mama Saynab, ukae chini kwa adabu, umwombe nafasi katika ule ua wa mbuzi. Usiende mikono mitupu, wewe ni fundi. Mwambie chifu mapema, na mhame mchana kweupe, maana nyumba inayotembea baada ya kafyu haitapata nafasi ya kujieleza. Na ngamia wa kuibeba, mwombe Hirsi mwenyewe mbele ya wazee. Atakataaje kubeba kitu anachotaka kiondoke?

Kuna jambo jingine ambalo wewe umeliandika na hukuliona. Mwanamume aliyefuata kiwanja tu haji kila asubuhi na hina ndevuni. Sitashangaa akimfikisha ngamia kwa Saynab kisha akakaa kusubiri chai. Wakirudiana, heri na iwe heri, nitafurahi, lakini nyumba hiyo itakuwa ya wawili na wewe utakuwa wa tatu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kuhama, Timiro akuahidi mbele ya mama yake kwamba lolote litakalotokea, pembe yako katika ule ua ni yako.

Halafu mwombe Saynab akufundishe kupinda miti na kusuka mikeka. Wewe pia ni mwanamke, Maka. Jitengenezee nyumba yako, ili siku mwenye kiwanja akisema toka, uikunje, uipakie, utoke nayo ukiimba.

Na upepo ukipenya, ongeza mkeka.

Bi. Rukiyo