Vidonge Nilivyompa Mke wa Lugano

Jumatatu, 3 Juni 2024
Baridi Uyole! Nimepakia viazi mpaka mgongo umekataa. Nikameza diklo, vidonge vya maumivu, kama wapakiaji wote.
Ikupa, mke wa mwanangu Lugano, ana ugonjwa wa viungo. Magoti yamevimba. Mimba miezi saba. Lugano yuko kazini Mgololo. Na mimi baba mkwe — kwetu Wanyakyusa hatuongei na mke wa mwana, hatuangaliani. Zamani marehemu mke wangu ndiye alitusemea. Sasa jirani Matilda. Nimempa diklo nne ampelekee. Daktari mimi!

Jumatano, 5 Juni
Nimemsindikiza Ikupa kliniki. Matilda kaenda msibani Tukuyu. Nesi Veneranda kataka ndugu asikie. Nikakaa nje ya dirisha, nimewapa mgongo.
Nesi kacheka. Baba, unalinda dirisha lisiibwe?
Nikamwambia ongea tu, masikio yapo.
Ikupa ale maharage, mboga za majani, dagaa, parachichi. Soda na chumvi apunguze. Chakula kinasaidia uvimbe, hakiponyi. Dawa za daktari asiache.
Halafu kasema: diklo, mimba ikiwa kubwa, hapana kabisa! Inaumiza figo na moyo wa mtoto.
Zangu nne hizo!
Kamuuliza Ikupa, umemeza dawa nyingine? Ikupa kasema hapana.
Na mimi nikanyamaza. Mjinga.

Ijumaa, 7 Juni
Matilda hajarudi. Ikupa kameza, hajameza? Sijui.
Asubuhi nimemwambia mbuzi kwa sauti, karibu na jiko: we mbuzi, usile vidonge vya mzee! Mbuzi kanishangaa. Jikoni nikasikia mtu anajizuia kucheka.
Mchana nimeshindwa. Nimesimama mlangoni. Nikamwita jina — mara ya kwanza. Ikupa, ulimeza?
Kajibu: viwili, baba. Niliona aibu kukataa vya baba mkwe.
Mtoto anacheza?
Tangu jana katulia.
Vaa koti, twende!
Bodaboda moja tu. Tumepanda wote, nimemshika asianguke. Wazee wangu wanisamehe.
Naandika hapa kliniki. Nesi kamlaza, kaniita ndani. Kauliza, nani kampa diklo? Ikupa kaniwahi — nilinunua mwenyewe dukani.
Muongo huyu! Nikasema ni mimi. Yeye kasema si baba. Nikasema ni mimi, we mtoto!
Nesi kasema nyamazeni nyie wakwe, natafuta mapigo ya moyo.
Bado anatafuta.