Unga wa Kuongeza Kilo

Jumatatu, 7 Julai
Chai imeharibika tena. Nilichemsha maji, maziwa, majani na sukari pamoja kama tunavyofanya siku zote hapa Karurumo, nikatia vijiko viwili vya unga wa protini ikiwa bado inatokota. Ikakatika mabonge kama maziwa yaliyolala. Mke wangu, Mama Wanja, akaonja, akanirudishia kikombe. Ana kansa ya koo. Vinavyopita ni vya kunywa tu. Daktari wa Embu amesema dawa haianzi mpaka afike kilo arobaini na tano. Ana arobaini na mbili. Tumepewa wiki tatu.

Miaka thelathini na minane ya ndoa na sijui kupika chai. Aibu tupu.

Jumatano, 9 Julai
Nimempigia binti yetu Wanja, aliyetununulia huo unga. Ananicheka. Kumbe kinywaji kiachwe kipoe kidogo, na unga ukorogwe pembeni kwa maziwa baridi kwanza. Nimejaribu na uji wa wimbi. Laini kabisa. Kanywa nusu kikombe. Nimefurahi kama mtoto.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kanisani. Uji asubuhi, uji saa nne, chai, uji tena. Hata supu ya maharagwe meusi ya njahi niliyoiponda na kuichuja nimeitia unga. Anasema kila kitu siku hizi kina ladha ya chaki. Nikamkaripia. Nikamwambia hataki kupona. Nilijuta papo hapo lakini sikuomba msamaha.

Jumamosi, 19 Julai
Mizani ya duka la dawa: arobaini na nne na nusu. Mwenye duka alipima mara mbili. Nimemwambia kila niliyekutana naye njiani. Mzee mzima, najisifia uji. Mama Wanja alirudi nyumbani polepole sana, mkono kiunoni. Nilidhani ni baridi.

Jumatatu, 28 Julai
Embu, hospitali. Muuguzi akamwambia mke wangu, "Shosho, toa sweta na hiyo leso ya kiunoni, tupime vizuri." Mama Wanja akasita. Akanitazama mimi, si muuguzi.

Kwenye leso alikuwa amefunga mawe ya mizani. La kilo mbili na la kilo moja, yale aliyopimia maharagwe sokoni kabla hajaugua. Bila hayo, arobaini na moja. Amepungua.

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa Kiembu, mbele ya watu, kwa nini anifanyie hivyo.

"Ulikuwa unajaribu sana, Baba Wanja," akasema. "Nami uji ulikuwa haushuki."

Alikuwa akiumwaga nyuma ya nyumba nikienda kukata nyasi za ng'ombe. Daktari aliniita kando. Hakuna dawa. Nimrudishe nyumbani, nimpe anachopenda.

Jumatano, 30 Julai
Sina la kuandika. Naogopa.

Alhamisi, 31 Julai
Asubuhi nilimuuliza anataka uji au chai. Akasema hataki kitu, nikae tu. Nikakaa kitandani kando yake. Tukaongea habari za mvua, na za migomba iliyoangushwa na upepo. Wiki tatu zote hizi nilikuwa jikoni, yeye huku chumbani peke yake. Akalala ameshika mkono wa koti langu. Nikalia kimya, nisimwamshe.