Kanga Aliyopewa Bi Saleha

Ngamiani,
Tanga.
3 Aprili 1956

Mpendwa Shangazi Sabiha,

Nisamehe nikikuambia hili hata kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaona haya na sitalisema tena. Ile kanga ambayo Baba ananituma kila asubuhi niitembeze niiuze, mimi mwenyewe naiogopa. Alinipa doti moja, nikamdanganya kuwa naiweka ya Idi. Mpaka leo ilikuwa chini kabisa ya sanduku langu. Hakuna anayejua ila wewe.

Sasa shikamoo, Shangazi. Habari za Ujiji? Mguu wa bwana wako, Mzee Kombo, umepoa? Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi, lakini duka la kaka yako linakufa, nami najua linaloliua.

Tangu nimalize shule, kazi yangu ni kuchukua kanga dukani na kuwapelekea majumbani wanawake wasiotoka. Unajua nilivyo, mbele ya watu ulimi unanata. Lakini kanga haihitaji maneno mengi, huitandaza tu mkekani. Mwezi wa Rajabu Baba alifungua robota jipya la kanga, alilolinunua kwa karibu mtaji wake wote. Ni nyekundu iliyoiva, na michoro ya korosho nyeupe pembeni. Nzuri, Shangazi, nzuri kweli.

Unakumbuka Mama alipofariki Baba aliweka nadhiri kwamba doti ya kwanza ya kila robota ataitoa sadaka. Safari hii alimpa Bi Saleha, yule anayeosha maiti wa kike mtaani kwetu, kwa kuwa ndiye aliyemwosha Mama na hakutaka ujira. Bi Saleha alifurahi mno. Hana kanga nyingine ya maana, basi akaivaa kila siku. Na siku zake, Shangazi, ni za misibani.

Nyumba ya kwanza niliyokwenda ni kwa Bi Mwanamkasi, mke wa karani wa forodhani. Wanawake waliokuwepo waliipapasa, wakaisifu, mmoja akaanza kujifunga. Bi Mwanamkasi akainua macho. "Hebu vua, mwenzangu! Hii si ile ya Saleha?" Yule akaitupa kama imemwunguza. "Weye mtoto, rudisha hizo," Bi Mwanamkasi akaniambia. "Wataka tuoshwe tungali hai?" Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikalia njia nzima ndani ya buibui.

Tangu siku ile, kila nyumba jibu ni moja. Na ndio hao hao walioigombania ile ya manjano ya mwaka jana, kwa sababu Bi Mwanamkasi aliivaa arusini. Ilichuja rangi ilipofuliwa mara ya kwanza, na bado wakaniagiza nyingine! Shuleni tulifundishwa hesabu za kununua na kuuza. Hizi hazikuwemo.

Baba akashusha bei. Hapo ndipo ilipoharibika kabisa. "Haji mwenye duka kashusha bei," walisema, "basi naye anajua."

Naye hajui chochote. Mwanamume hasikii yanayosemwa uani. Anadhani ni haya zangu. Juzi aliniambia kwa upole, "Labda huwasemeshi, mwanangu. Jitahidi kidogo." Nimwambie nini? Kuwa sadaka aliyoitoa kwa ajili ya Mama ndiyo iliyomfukuzia wateja? Ataacha kutoa, au itambidi amwambie Bi Saleha avue. Sijui lipi litamuumiza zaidi. Amesema Idi ikipita na hali ikiwa hii, atafunga duka aende kutafuta kazi kwenye mashamba ya katani, na kifua chake kile.

Ijumaa nilikata shauri niivae mimi, nipite nayo majumbani wanione mzima. Niliifunga vizuri. Nilipofika mlangoni nikaikumbuka miguu ya Mama ilivyotokeza chini ya shuka siku ile alipooshwa, nikarudi mbio kuivua. Jioni yake Bi Saleha akapita dukani, akanishika kidevu. "Mbona wenzako hawazivai hizi? Au mmeniwekea mimi peke yangu?" Alikuwa akinitania. Sikuweza kumtazama usoni.

Shangazi, nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Huko Ujiji hakuna anayemjua Bi Saleha. Doti yangu nimeifunga katika kifurushi hiki. Ivae, uende nayo arusini, popote penye furaha, na wakikuuliza waambie imetoka Tanga, basi. Wakiipenda, mwandikie Baba akuletee zilizobaki. Najua nakuomba uvae nisichoweza kuvaa mimi. Sina mwingine wa kumwomba. Na Idi ikifika Baba ataniuliza yangu iko wapi, nami sijui nitajibu nini.

Mpe Mzee Kombo shikamoo yangu, na watoto wote nawabusu. Mungu akufikishe Ramadhani ukiwa na afya, na akulipe kwa usumbufu wangu huu.

Barua hii ukishaisoma, ichome. Baba asijue kwa nini hazikununuliwa. Na siku ukija Tanga, Bi Saleha akija kukuamkia, nakuomba asijue kamwe kwamba hata mimi, aliyenioshea mama yangu kwa mikono yake, nilimkimbia.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukutegemea,
Mwanahamisi